Mama Pedi amtafutia mumewe njia ya kupita langoni

Saa mbili asubuhi, Mama Pedi ameshagombana na wawili na bado hajanywa chai. Wa kwanza ni mteja aliyeleta pedi ya gemu imejaa soda, akaapa haijawahi kuguswa na tone la maji. Wa pili hayupo hapa. Ni kiwanda kilichoitengeneza pedi hiyo na kuifunga kwa gundi badala ya skrubu.

"Wametia gundi makusudi, nishindwe kuifungua," anasema, akipenyeza kisu chembamba ubavuni mwa pedi. "Umenunua kitu kwa hela yako, halafu kukifungua ni kosa. Sasa ni chako au si chako?"

Pedi inaachia kwa mlio wa kuvunjika. Anasonya, kisha anachungulia ndani.

Mama Pedi ana meza moja upenuni mwa nyumba wanayopanga, na bisibisi zake zimesimama kwenye kopo la maziwa. Kazi hii aliianza akiwa na mtoto wake wa mwisho mgongoni. Mtoto huyo sasa ana ndevu. Siku ikinyooka inatoka kodi na umeme. Isiponyooka, anachagua kimoja.

Ukimuuliza historia ya gemu, hakutajii majina. Anakuonyesha pedi zinapoharibikia.

"Zamani zilikuwa zinaletwa zimekufa huku kulia, kwenye vitufe vya kupigia. Wale mashujaa wa katuni za Kijapani, nywele zimesimama kama wamepigwa shoti, kazi yao ilikuwa moja tu: ngumi. Unasonga, unapiga, unasonga. Ukitaka kurudi ukaangalie mlango ulioupita, skrini inakuzuia kama askari."

Baadaye zikaja gemu zenye ramani, ambazo ulirudi ulikotoka kufungua mlango ulioukosa. Kisha zikaja hizi za sasa. Shujaa yule yule wa nywele za shoti amepewa dunia nzima, apande mlima akipenda, aogelee akipenda, upanga ukae mgongoni siku nzima. Pedi zikaanza kuletwa zimekufa kushoto, kwenye kijiti cha kutembelea.

"Watu walichoka kupigana," anasema. "Wakataka kutembea."

Nyuma ya pazia, chumbani, yupo mtu ambaye siku hizi hatembei ila kwa kijiti hicho.

Mumewe alikuwa tarishi. Alizunguka mji mzima kwa miguu na barua za ofisi, hadi kiharusi kilipomlaza upande wa kulia, mkono na mguu. Ofisi ilimletea saa ya ukutani na hotuba. Begi lao la barua wakaondoka nalo.

Akabaki anatazama ukuta, mpaka siku mkewe alipomwashia mashine ambayo mteja aliitelekeza. Alimpa pedi mkono wa kushoto, akamwekea kidole gumba juu ya kijiti. Kwenye skrini, binti mwenye msuko mwekundu na upanga mrefu kuliko kimo chake akapiga hatua.

"Alicheka," anasema Mama Pedi. "Nusu ya mdomo, lakini alicheka."

Tangu hapo Tarishi, mtaa bado unamwita hivyo, ameizunguka dunia ya yule binti bila kuua hata nzi. Anachotaka ni kuona kuna nini nyuma ya mlima mweupe. Njia ya kwenda huko ina lango, na lango lina mlinzi, jitu la mawe. Kulipita ni lazima ulipige: ngao kwa mkono wa kushoto, upanga kwa mkono wa kulia, vyote kwa pamoja. Na gemu haikuruhusu kukihamisha kitufe cha upanga.

Tarishi hakubishana na jitu. Akaupanda mlima wenyewe kwa ubavuni, jiwe kwa jiwe, msimu mzima wa mvua.

Alikuwa amekaribia kilele ilipokuja apdeti. Wenye gemu wakatangaza wamerekebisha makosa. Kosa lenyewe lilikuwa njia ya Tarishi. Mlima ukatiwa utelezi, binti akarudishwa chini, mbele ya lango.

"Hakushika pedi tena," anasema mkewe. "Akarudi kwenye ukuta wake. Yeye na ile saa yao."

Tunaokumbuka, tunakumbuka. Gemu zilipoingia mitaani, wakubwa walituambia ni uhuni. Mashine zikazolewa vibandani, zikatupwa kwenye magari, na wenye vibanda wakalala rumande. Leo wakubwa wale wale wamembandika shujaa wa nywele za shoti kwenye mabango, awauzie vifurushi vya intaneti. Hakuna mashine iliyorudishwa. Hakuna aliyeomba radhi. Na hakuna hata mmoja, si kule viwandani si huku maofisini, aliyejiuliza mwenye mkono mmoja atashikaje pedi. Aliyejiuliza ni mwanamke mwenye kisu na kopo la bisibisi.

Mama Pedi aliomba pedeli ya cherehani cha umeme kwa jirani yake, fundi nguo. Akavuta nyaya mbili kutoka kwenye kitufe cha upanga hadi ndani ya pedeli. Ukikanyaga, binti anapiga. Akaipigilia kwenye ubao, akaiweka sakafuni chini ya mguu wa kulia, kama inavyowekwa kwenye kila cherehani.

Mguu wa kulia!

"Shemeji, waambie ulivyomfokea mgonjwa," fundi nguo anadakia kutoka mlangoni. "'Kanyaga! Kanyaga basi!' Mtaa mzima tunasikia, mwenzio anakutazama tu."

"Na wewe mbona hukusema? Si ulikuwa umekaa hapo hapo unatafuna karanga?"

"Nilidhani ni matibabu."

Mama Pedi anasonya tena, ila sasa anaficha kicheko. "Nilikuwa na hasira na kiwanda, na apdeti, na ofisi yake. Nikasahau mguu uliolala ni upi. Mke mzima!"

Asubuhi hii pedeli imehamia kushoto. Tarishi amekaa kitandani, mto mgongoni.

"Taratibu, Baba."

"Naujua mguu wangu," anajibu, kila neno likijivuta.

Jitu linamwangusha binti. Linamwangusha tena. Tarishi analaumu pedeli, Mama Pedi analaumu kidole, fundi nguo analaumu gemu. Halafu ngao inapanda na mguu unashuka kwa wakati mmoja. Jitu linapiga magoti, linapasuka vipande. Lango linafunguka.

Tarishi haingii.

"Ingia basi!" mkewe anapaza sauti. "Siku zote hizi umelala nje ya lango!"

"Kaa."

"Nina pedi za watu mezani."

"Kaa kwanza. Tuone wote."

Mama Pedi anakaa ukingoni mwa kitanda, kisu bado mkononi. Binti anapita. Nyuma ya mlima kuna nyasi tupu, na njia nyembamba inayokwenda mbali.

Tarishi anamwongoza binti kuishika njia hiyo.

"Nataka nizitengeneze nyingi," Mama Pedi anasema hatimaye. "Waliolala upande mmoja si yeye peke yake. Za kushoto na za kulia. Na nitaandika juu, kwa rangi, mguu gani, nisije nikaua mtu kwa makelele."

Anainuka. Tarishi ameondoa kidole kwenye pedi apumzike, lakini kwenye skrini binti anajongea mwenyewe, polepole. Kijiti kimeanza kulegea.

"Ona sasa!" Mama Pedi anafoka. "Nimekibadilisha juzi tu! Lete hapa nikifungue."

Tarishi anaikumbatia pedi kifuani.

"Mwache," anasema. "Ndiko ninakokwenda."