Kitufe cha Evod

Kwa miaka kumi na mmoja Odilia wa Lipangalala alikuwa katibu wa skimu ya umwagiliaji, na hakuna mkulima aliyewahi kumwambia kwamba amempunja maji. Zamu za mifereji alizipanga mwenyewe, kwanza kwa kalamu, baadaye kwa kompyuta ya ofisi. Programu ya zamu ilifunguka kwa jina lake na nywila yake tu.

Shida ilikuwa Alhamisi. Siku hiyo alikuwa akiwahi kutoka kwenda sala ya jumuiya, na wakulima waliokuja kuchukua orodha waliikosa, maana msaidizi wake, Salvatory, hakuweza kuifungua programu. Evod, fundi wa kompyuta na mtoto wake wa ubatizo, akaleta dawa.

"Mama, nitakuwekea kitufe. Salvatory akikibonyeza, programu inafunguka kana kwamba wewe ndiye umekaa hapo. Anachapa orodha, basi."

"Na nywila?"

"Naiandika humo humo ndani. Kwani mimi mgeni kwako?"

Odilia akamtajia. Mtoto uliyempakata mbele ya padri unamficha nini?

Mwezi wa tisa Makoye, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake akaishia kuupenda mpunga, aliingia ofisini na fungu la miche iliyokauka. Akaitua mezani.

"Shikamoo, mama. Maji yangu ya Alhamisi mbili umempa nani?"

Odilia alifungua programu. Zamu za Makoye zilikuwa zimehamishiwa shamba la Eliza, mama mkwe wa Evod. Saa kumi na dakika ishirini jioni. Aliyebadilisha: Odilia.

Kikao kiliitishwa kesho yake. Gasper, mwenyekiti, alimuuliza fundi.

"Kompyuta haina chuki na mtu," Evod alisema, macho yakiwa sakafuni. "Imeandika Odilia."

Odilia alimsubiri aseme habari ya kitufe. Hakuisema.

Ndipo alipofungua daftari lake. "Alhamisi zote mbili, saa kumi, nilikuwa jumuiya. Ya kwanza kwa Apolonia, ya pili kwa Mariana. Waulizeni."

"Na mimi nilikuwa mferejini," Salvatory alidakia. "Evod ndiye aliyebaki ofisini. Aliniambia anasafisha kompyuta!"

Odilia akakifungua kile kitufe alichowekewa na Evod, si kwa kukibonyeza, bali kuona kilivyoandikwa. Mistari sita tu. Gasper aliinama, akasoma kwa sauti jina na nywila: "Odilia. Evod14Aprili. Hii tarehe ya nini?"

"Siku niliyomsimamia ubatizo," Odilia alisema.

Evod alijikuna shingo.

"Fundi, kazi yetu na wewe imekwisha," Gasper alisema. "Eliza atamwachia Makoye zamu zake mbili. Lakini mama Odilia, nywila ya skimu uliitoa wewe. Zamu atazishika mtu mwingine."

Hakubisha. Sheria kwamba anayetoa nywila anaachia zamu aliiandika kwa mkono wake.

Kabla ya kutoka, Makoye alimpa Odilia mkono. "Jina lako limerudi, mama. Miche yangu ndiyo hairudi."

Odilia alikuwa akikusanya madaftari yake Evod alipopita karibu, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa tangu mdogo.

"Shikamoo, mama."

Odilia aliyapanga madaftari, kubwa chini, dogo juu, akayakumbatia, akatoka. Kwa mara ya kwanza tangu mtoto yule ajue kusema, shikamoo yake haikupata marahaba.