Antena Zilizomlenga Baba

Niligombana na antena mara moja tu maishani, na siku hiyo nusura nikose mume.

Nilikuwa nimepanga chumba na sebule mjini, mtaa wa Shanwe, na ndani nilikuwa na waifai. Wazazi wangu wanaishi kijijini Kasekese, na baba alikuwa ameshasema wazi kwamba mshenga asikanyage kwake kabla hajamwona mchumba wangu kwa macho yake. Kijana mwenyewe yuko kazini Mtwara, likizo kanyimwa. Tukakubaliana waonane kwa simu ya video. Jumamosi moja baba na mama wakaja kwangu wamepakiwa mshikaki kwenye bodaboda, mama kakumbatia kuku.

Sasa nyie hamumjui baba yangu. Ni Msukuma wa ng'ombe. Alihamia huku na mifugo yake kabla sijazaliwa, na kitu chochote chenye miguu anakikagua kwa namna ileile anayokagua ng'ombe. Nikamketisha kwenye kochi, nikampa simu. Mchumba wangu akatokea kwenye kioo, shati jeupe kachomekea.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Hebu tembea.”

“Baba, jamani!” nikasema.

“Wewe nyamaza. Atembee nimwone.”

Masikini akaegemeza simu yake mahali, akaanza kutembea. Hatua ya pili tu, picha ikaganda. Mguu mmoja uko hewani, mdomo wazi, macho kayafumba nusu. Baba akamtazama weee, kisha akatikisa kichwa.

“Mguu wa nyuma mbovu.”

“Baba, binadamu hana mguu wa nyuma!”

“Huyu anao. Na macho hayo ni ya ulevi. Hapana.”

Akaanza kutafuta kofia yake. Baba akitafuta kofia, ujue mazungumzo yamekwisha. Nilihisi machozi yananijia, maana yule kijana nilikuwa nampenda, tena sana. Nikageuka niitukane ile ruta ya waifai juu ya kabati. Ndipo nikaona. Asubuhi niliziacha antena zake mbili zimesimama wima. Sasa zote zimelazwa, ncha zimemlenga baba usoni.

“Nani kagusa hii?”

“Mimi,” mama akajibu, kifua mbele. “Baba yako ndiye mgeni rasmi, nikazielekeza kwake zimmulike. Wewe ulizielekeza kwenye bati. Bati linaongea na nani?”

Mama wee! Nikachomoa ngata yangu ya kubebea maji nyuma ya mlango, nikaivisha kwenye antena.

“Mama, tazama. Intaneti haitoki kwenye ncha kama mwanga wa tochi. Inatokea ubavuni, inaizunguka antena hivi, kama hii ngata. Ukimlenga mtu kwa ncha, unamweka kwenye tundu. Anaambulia kidogo sana.”

“Kwa hiyo nimemweka mume wangu kwenye tundu la ngata?”

“Ndiyo!”

Akacheka mpaka akashika kabati. Mimi sikucheka. Nikasimamisha antena moja wima, nyingine nikaiinamisha kidogo. Nikamnyang'anya baba simu, maana alikuwa kailaza mapajani kama sahani ya ugali, nikaisimamisha mezani kwa kuiegemeza kwenye chupa ya chai.

Picha ikarudi. Mchumba wangu alikuwa bado anatembea.

Hakuna aliyemwambia asimame. Kwenye kioo chake kule Mtwara, baba naye alikuwa ameganda, kamkodolea macho, na kijana wa watu akadhani ndivyo wakwe wanavyotazama. Anafika ukutani, anageuka, anarudi. Shati limechomoka, jasho linamtiririka, miguu yote miwili mizima kabisa.

Baba akaiweka kofia kwenye kochi.

“Hajaambiwa asimame?”

“Alikuwa hasikii kitu, baba.”

“Na bado anatembea.”

“Anatembea.”

Nikaona kidevu cha baba kinacheza. Akaisogelea simu mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akapaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya mto.

“Mkwe! Kaa chini, umechoka!”

Mkwe. Baba yangu kasema mkwe! Nikaangua kilio palepale, mama akanikumbatia, na kule Mtwara mtu akakaa sakafuni puu. Baba hata hakutuangalia. Alikuwa amevaa miwani yake.

“Vizuri,” akasema. “Sasa fungua mdomo nione meno.”