Mnara Wenye Alama ya Jembe

Mwaka ambao shirika letu liliuzwa kwa mtu binafsi na mimi nikapunguzwa kazi, baba alitoka kijijini akaja kukaa nami Dodoma ili atibiwe macho. Nilikuwa karani kwa miaka tisa. Sasa nilikuwa na meza ya mitumba sokoni Majengo, na siku nikitaka kutofungua, hakuna wa kuniuliza.

Baba alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliniona kama kivuli, akanitambua kwa sauti. Daktari alimpangia kupasuliwa baada ya wiki mbili, na katika kungoja huko akaniambia anataka kupanda kilima chenye mnara, nje kidogo ya mji.

"Kuna nini huko, baba?"

"Nilibeba mawe yake. Nataka niuguse kabla hawajanigusa macho."

Sikuwa najua kwamba aliwahi kufanya kazi mjini. Mnara wenyewe niliuona kila siku kutoka barabarani, kijiti cheusi juu ya mwamba. Wakoloni waliujenga kwa kumbukumbu ya ofisa wao mmoja, ambaye jina lake hakuna mtu mjini aliyelijali. Watu hawakupanda ovyo, kwa sababu pembeni yake palikuwa na mitambo ya redio ya serikali. Ilibidi niombe barua yenye muhuri, nikazungushwa siku tatu kabla ya kuipata.

Tulifika chini ya kilima saa tano asubuhi. Mlinzi, mtu wa makamo mwenye koti la khaki, alimwamkia baba shikamoo, akaisoma barua mara mbili, kisha akatutajia masharti kwa kichwa.

"Msitoke nje ya njia. Msipige picha. Msisogelee mitambo. Na saa sita kamili muwe mmeshuka."

"Saa sita ya nini?" nikauliza. "Barua haisemi saa."

"Mimi ndiye ninayesema, dada."

Si kilima kirefu. Mtu mwenye nguvu anafika juu kwa nusu saa. Nilimshika baba mkono, lakini hatua chache tu akautoa, akatangulia. Mtu ambaye nyumbani kwangu alikuwa anajikwaa kwenye kizingiti, pale alipanda kama anayeshuka kisimani kwao. "Hapo mbele kuna jiwe linateleza, pita kushoto," akasema, na kweli lilikuwepo. Nilijaribu kufurahi, nikashindwa. Kadiri tulivyopanda, palizidi kuwa kimya. Chini nilikuwa nimesikia mbuzi na njiwa. Katikati ya kilima sikusikia hata nzi.

Tulipokaribia kileleni ndipo nikasikia kugonga. Chuma juu ya jiwe: mara tatu, kimya, mara tatu. Nikasimama.

"Kuna mafundi juu, baba."

Alikuwa amesimama pia, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

Juu hapakuwa na mtu. Palikuwa na uzio wa mitambo uliofungwa kufuli, nyasi kavu, na mnara, mrefu kama watu watatu waliosimamiana mabegani. Jua lilikuwa limesimama kichwani. Kugonga kulikuwa kumekoma. Nilizunguka mnara wote, nikachungulia nyuma ya kila jabali, nikarudi.

Baba alikuwa amepiga magoti upande wa mawio, anapapasa mawe ya chini, safu kwa safu. Mkono wake ukasimama. "Lete kidole chako," akasema. Nikagusa. Palikuwa na alama iliyochongwa, ndogo, umbo la jembe.

Hapo ndipo aliponieleza. Alama ile aliichonga kwenye mawe yake fundi mmoja kijana, mtu wa Mlali, rafiki yake. Baba alikuwa mbeba mawe, na asubuhi moja ilikuwa zamu yake kusimama juu ya jukwaa la miti na kupokea jiwe la mwisho. Tumbo lilimkata. Yule fundi akamwambia akae chini, akapanda badala yake. Jukwaa likavunjika. Msimamizi akaamuru wamfunike kwa gunia na kazi iendelee, kwa sababu udongo wa saruji ulikuwa umekwisha kuchanganywa. Jioni wakamzika ubavuni mwa kilima bila alama.

"Kwao waliambiwa ametoroka na mishahara ya vibarua," baba akasema. "Na mimi nilinyamaza."

Akaokota kokoto, akagonga lile jiwe lenye alama mara tatu, polepole. Akangoja.

Likajibu. Mara tatu, kutoka ndani ya mnara au chini yake, sijui, ila mkono wangu ulikuwa juu ya jiwe na niliuhisi mtikisiko hadi kwenye kiwiko. Baba akaanza kusema Kigogo kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mgonjwa. Nilielewa neno moja moja tu. Nilimvuta akagoma. Nikamwacha amalize.

Mlinzi alikuwa anatungoja kwenye njia, nusu ya kilima, saa yake mkononi.

"Mmesikia," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo maana mnashusha watu saa sita?"

"Watu tunawaambia ni mitambo," akajibu, akatupisha tutangulie.

Baadaye mwalimu mmoja wa jiografia alinieleza kwamba miamba yetu hupasuka kwa joto la mchana na kutoa mlio kama nyundo. Namwamini. Ila hakuweza kunieleza kwa nini ilikuwa mara tatu.

Baba alipasuliwa, jicho moja likapona vizuri. Kabla hata bandeji haijatolewa alinituma nitafute gari la kwenda Mlali. Tulimkuta dada wa yule fundi, bikizee anayepepeta mtama uani. Baba aliketi chini mbele yake, akamweleza yote, na zamu ile hakuificha.

Bibi alisikiliza bila kuweka ungo chini. Aliuliza jambo moja.

"Alilia?"

"Hapana. Ilikuwa mara moja."

"Mama alikufa akijua ana mtoto mwizi," akasema. Kisha akaita waliokuwa ndani waongeze unga kwenye sufuria, kwa sababu pana wageni.