Moshi wa Kabla ya Kura

Kila mtu alimwita Mvuke, hata mkewe akikasirika. Jina lilitokana na kazi. Tangu ujana wake alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha nguo, yule anayewasha tanuri wenzake wakiwa bado wamelala, ili watu wa rangi na watu wa pasi wakifika wakute mvuke uko tayari. Kiwanda kilipofungwa, hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Akaanza kuziba sufuria na kutengeneza majiko ya mkaa chini ya dirisha la nyumba aliyopanga, na alifanya hivyo kwa miaka, kama mtu aliyeagizwa asubiri kidogo.

Ilikuwa miezi miwili hivi kabla ya uchaguzi wa rais. Meneja wa zamani, ambaye hakuwa ameonekana mtaani tangu mageti yafungwe, alisimamisha gari mbele ya nyumba, akashuka, akampa mkono.

"Fundi, lile boila linaweza kuwaka?"

"Mpaka nilione, bosi."

"Basi panda, ukalione."

Mabomba yalikuwa yameliwa na kutu na panya walikuwa wamezaa ndani ya tanuri. Mvuke alikwangua, akaziba, akabadilisha alichoweza. Usiku alirudi nyumbani mweusi kama sufuria ya msibani, akiimba. Mkewe alimpashia maji ya kuoga bila kuambiwa.

Siku moja alifuata bomba kubwa ajue mvuke utaelekea wapi, akafungua mlango wa ukumbi wa kufumia. Hapakuwa na mtambo hata mmoja. Sakafuni palibaki boliti zilizokatwa, na madoa ya mafuta mahali ambapo kila mashine ilisimama. Mitambo yote ilishauzwa kama chuma chakavu.

"Bosi, mbona ndani kweupe?" alimuuliza meneja.

"Mitambo mipya iko njiani. Wewe hangaika na boila lako. Tena moshi uwe mzito kidogo, watu waone kuwa kazi imeanza."

Mvuke alirudi kwenye tanuri. Alitaka kuamini kwamba iko njiani. Isitoshe, kuni zilikuwa zimeletwa, na lilikuwa boila lake.

Asubuhi moshi ulipopanda na king'ora kikalia, wanawake walitoka nje wakiwa na mifagio mkononi. Wazee waliowahi kufanya kazi pale walivaa mashati yao ya zamani, wakaenda kusimama getini, wasiite wala wasigonge. Kufikia mchana kila mtu mjini alikuwa na habari. Kinyozi alipaka rangi duka lake. Mwenye nyumba alipita kuwaambia wapangaji kwamba mwezi ujao kodi inapanda, maana mji umefufuka, na wapangaji wakakubali bila kelele. Hakuna aliyekuwa amepata kazi bado, isipokuwa Mvuke na walinzi wawili.

Mkewe alikuwa akifanya usafi kwenye zahanati. Aliacha. Alifungua kibanda cha chai pale getini, kama enzi zile.

"Mke wangu, subiri kwanza," Mvuke alimwambia. "Ndani hamna kitu."

"Palipo na moshi hapakosi moto."

"Moto upo. Kazi ndiyo haipo."

Mkewe alicheka, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Miaka yote hii nimedeki matapishi ya watu. Niache niamini, hata kama ni mwezi mmoja."

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa mfumaji enzi za kiwanda. Siku hizi alikuwa akisukuma mkokoteni sokoni, na mgongo ulishaanza kumkataa. Aliuuza ule mkokoteni ili awe huru kusimama getini siku watu watakapoitwa kazini. Mvuke aliposikia alimfuata, akamkuta kwenye mstari wa pale getini, mbele kabisa.

"Shemeji, nimeingia mle ukumbini kwa macho yangu. Hamna hata mashine moja."

"Sasa wewe unafanya nini mle?"

"Nawasha boila."

"Na wanakulipa?"

"Wananilipa."

"Basi kazi ipo." Shemeji alimtazama toka kichwani hadi miguuni, akateremsha sauti. "Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Wewe umeshapata, ndiyo maana unataka sisi turudi nyumbani. Sikutegemea hilo kwako."

Watu wa nyuma walisikia. Tangu hapo Mvuke alipopita getini walimwamkia kwa baridi, kama wanavyomwamkia tajiri mchoyo.

Mgombea wa upinzani alikuja akahutubia sokoni. Alizungumzia bei ya sukari, dawa zisizopatikana, vijana wanaokaa vijiweni. Yote yalikuwa kweli, na kila aliyekuwa pale aliyajua kutoka jikoni kwake. Lakini bomba la moshi la kiwanda lilionekana nyuma ya jukwaa, na watu walimsikiliza huku wakitazama juu ya kichwa chake. Alipomaliza, walimpigia makofi ya heshima, wakatawanyika.

Siku ya kura, Mvuke alitoka kiwandani akiwa na nguo za kazi. Alisimama kwenye foleni mikono ikinuka mafuta, na alijisikia vizuri. Kwa majuma kadhaa alikuwa ameamka akiwa na mahali pa kwenda. Alikuwa analala usingizi mzuri na kula kwa hamu. Nyuma ya pazia la kupigia kura alikumbuka ule ukumbi mweupe, akaukumbuka vizuri tu, boliti kwa boliti. Kisha akaweka alama kwa rais aliyekuwepo madarakani, akakunja karatasi na kurudi kuongeza kuni.

Rais alishinda, na wilaya yao ilimpa kura nyingi kuliko mara zote. Mtangazaji wa redio alisema wananchi wa huko wameonyesha kuridhika na hali ya uchumi. Hakusema uongo. Walikuwa wameridhika.

Wiki iliyofuata lori la kuni halikuja. Mvuke alichoma mbao za makasha, akachoma mabaki ya milango, hadi tanuri likapoa. Simu ya meneja haikupatikana. Kesho yake walinzi walikuta kufuli jipya getini, nao wakaenda zao.

Waliokuwa mstarini hawakuondoka mara moja. Walipungua taratibu, kama wageni wanaoona aibu kuaga. Shemeji alibaki na wawili watatu, baadaye peke yake, akiegemea ukuta. Sokoni mikokoteni ilikuwa na vijana wenye migongo mizima. Asubuhi moja hakuonekana getini wala nyumbani. Jirani alisema alimwona akiwa na mfuko mdogo, akifuata barabara kuu. Hakumuaga hata dada yake.

Zahanati ilishamwajiri mwingine. Kodi iliyopanda haikushuka, kwa hiyo Mvuke na mkewe walihamia chumba kimoja nyuma ya karakana ya mbao, ambako vumbi liliingia mpaka kwenye chumvi. Watu walianza kusema kwamba fundi alilipwa kuwafanya wajinga. Hawakumletea tena sufuria.

Mchana mmoja mkewe alikuwa anaosha vikombe vya chai ili vikauzwe. Aliuliza bila kuinua kichwa:

"Ulimpa nani kura?"

Mvuke angeweza kudanganya. "Huyohuyo."

"Na ulikuwa umeona ndani."

"Nilikuwa nimeona."

Mkewe alisuuza kikombe, akakigeuza juu ya kitambaa. Akachukua kingine.

"Mdogo wangu hakuwa ameona," alisema.

Mkewe alipomaliza kuosha alifunga vikombe kwenye kanga, akaviinua kichwani, akamwambia asogeze miguu apite.