Figo ya Dada

Kwenye karakana ya mashati walimwita Fundi Kola, maana kola zote zilipita mikononi mwake na haikutoka hata moja imepinda. Mwanamke wa maneno machache, pini mdomoni karibu muda wote. Figo zake zote mbili zilipokufa, dada yake mkubwa alimpa moja ya zake. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kilichomtesa ni shukrani.

Dada hakuitoa akasahau. Kila akiingia, kabla hata ya kukaa, huuliza, "Figo yangu inaendeleaje?" Chumvi ikizidi mezani, huivuta sahani ya mdogo wake: figo yake haitaki. Fundi akichelewa kazini, dada hupiga simu kuuliza figo yake inarudi saa ngapi. Pale karakana wakamtania kwamba ana mwenye nyumba tumboni. Fundi alicheka nao. Nyumbani hakucheka.

Mafua yalipoenea mtaani, dada aliugua, akanywa dawa ya maji ya elderberi, yale matunda madogo meusi ya nchi za baridi, akainuka kitandani upesi. Basi akaja na chupa, akaitua mezani kando ya vidonge vya hospitali.

"Inaamsha kinga ya mwili," alisema. "Sitaki figo yangu ipigwe na mafua."

Fundi akampigia daktari wake siku hiyohiyo. Daktari hakuikashifu dawa. Alisema kwa mtu mzima mwenye afya, ile iliyopikwa vizuri, ikinywewa siku chache mafua yanapoanza, huenda ikapunguza kuumwa, ingawa ushahidi bado ni mdogo. Matunda yake mabichi ndiyo mabaya, na majani na magome vilevile. Yanatapisha na kuharisha. Lakini mwenye figo ya kupewa ni habari nyingine. Vidonge vyake vinailaza kinga kwa makusudi, isije ikaiona figo ngeni ikaivamia. Kinachosemekana kuiamsha, asikiguse.

Fundi akamweleza dada yote, bila kupunguza. Dada alisikiliza huku anakoroga chai.

"Ngeni? Mimi na wewe tumbo moja, itakuwaje ngeni? Na huyo daktari wako, alitoa nini chake akakupa?"

Mume wa Fundi akaingilia. "Shemeji, daktari amekataza."

Dada alimpandisha akamshusha kwa macho, akamwuliza yeye alitoa nini zaidi ya machozi. Mume ndiye aliyepimwa mapema kuliko wote, wakamwambia figo yake haifai. Dada alilijua hilo.

Mume aliimwaga ile chupa kwenye sinki. Dada akaleta nyingine, na hiyo akawa haiachi. Inakuja na mkoba wake jioni, inaondoka na mkoba. Anamimina kijiko, anakaa kumtazama mdogo wake mpaka koo lishuke. Fundi alimeza. Akishaondoka, mume humsihi kesho akatae. Fundi humjibu kwamba mtu aliyepasuliwa kwa ajili yako humnyimi kijiko.

Miguu ikaanza kuvimba. Viatu vikagoma kuingia, akawa anakwenda kazini na ndala. Halafu mkojo ukapungua, halafu homa, halafu wodini. Daktari akasema kinga imeivamia figo na haiokoleki. Alipoulizwa kama ni ile dawa, alisema ukweli: hawezi kuapa, jambo hili huwapata hata wasioinywa, ila hakupaswa kuionja.

Dada alilidaka neno la mwanzo akaliacha la mwisho. Alisimama miguuni pa kitanda, mashine imeshafungwa kwenye mkono wa mdogo wake, inamsafisha damu.

"Nilikupa kitu kizima," alisema. "Umekiharibu. Ningejua, ningebaki nacho."

Mume akainuka kwenye kiti. Fundi akamwashiria akae. Akakusanya pumzi.

"Ichukue, dada. Hawajaitoa. Bado iko humu."

Dada akapiga chafya. Akafungua mkoba, akatoa ile chupa na kijiko chake, akamimina, akanywa palepale mbele yao. Akafuta mdomo kwa kiganja.

"Mimi nimebakiwa na moja tu," alisema. "Hii naitunza mwenyewe."

Akakaza kifuniko, akaondoka. Hakuuliza tena inaendeleaje.