Mkono Niliopima Haukuwa Wake

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupima mkono wangu mwenyewe, kisha nikatengeneza kifaa cha mkono wa mjomba. Makosa mengine nitakayoyaeleza hapa yalizaliwa na hilo, na ningeweza kuliepuka kwa kuushika tu mkono wake.

Mjomba ni kaka yake mama, na kwetu Handeni mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Yeye ndiye aliyenisimamia jandoni, na yeye ndiye aliyeniombea kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe, alikokuwa mpakiaji wa majani kwenye mabehewa madogo yanayokwenda kiwandani. Asubuhi moja behewa liliruka reli naye yuko juu ya mzigo. Aliangukia shingo. Alilazwa hospitali miezi mingi, na aliporudishwa nyumbani alikuwa hawezi kusimama, wala kukaa bila kuegemezwa. Mikono ilibaki nusunusu. Mabega yalifanya kazi, viwiko aliweza kuvikunja, na vifundo vya mikono aliweza kuviinua kidogo. Kunyoosha viwiko kwa nguvu zake mwenyewe hakuweza, na vidole vilikuwa vimelala.

Dresa wa hospitali aliyemhudumia alimwonya mke wake kwamba mikono hiyo isipovutwa na kunyooshwa kila siku, viwiko vitajifunga, na vikishajifunga mjomba hatanyoosha mkono tena kufikia kikombe. Basi kila asubuhi mke wa mjomba, ambaye mimi humwita mama, aliketi mbele yake akamvuta mkono mmoja, kisha mwingine, huku wakisemezana habari za majirani. Masika yalipoingia ikawa shida. Ilimlazimu awe shambani mapema, akirudi amechoka, na siku nyingine mikono haikuvutwa kabisa. Kiwiko cha kulia kikaanza kuwa kigumu.

Nilipokwenda kuwasalimu, mjomba aliniambia, "Wewe uko karakana. Nitengenezee kitu cha kujivuta mwenyewe. Kula namwita mtu, kunywa namwita mtu, nzi wakizidi namwita mtu. Nataka hiki kimoja nisimwite mtu."

Nimeyaandika maneno yake yalivyokuwa ili nisipate pa kujificha. Nilimsikia vizuri.

Ufundi sikufundishwa na mtu. Niliingia karakana ya shamba nikiwa mfagiaji, nikajifunza kwa kutazama mikono ya mafundi na kuchora nilichokiona kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Mtu aliyejifunza hivyo huishi na hofu. Kila siku nilingoja mtu agundue kile nisichokijua. Ndiyo maana nilipiga tupa hata mahali ambapo hapataonekana, na nikirudishiwa kazi kwa kasoro ndogo nilikosa hamu ya kula. Mafundi wakubwa walinicheka. "Huyu atapiga msasa hata jembe," walisema.

Kifaa cha mjomba nilikifanya kwa vipande vya muda, baada ya kazi na siku za Jumapili. Kilikuwa nguzo mbili na boriti juu yake. Kwenye boriti niliweka magurudumu mawili ya kapi niliyoyaokota kwenye chuma chakavu, na kila gurudumu likabeba kamba ya mkonge. Upande mmoja wa kamba kulikuwa na mfuko wa mchanga unaoning'inia, upande wa pili mpini wa kushika. Mtu akivuta mpini, mfuko unapanda. Akilegeza, mfuko unashuka na kumnyoosha mikono. Mipini niliikereza kwa mninga, nikaipiga msasa mpaka ikang'aa. Unene wake niliupima kwa kufumba kiganja changu. Urefu wa kamba niliupima kwa kukaa mimi mwenyewe chini ya boriti na kuinua mikono yangu.

Kwa nini sikwenda kumpima yeye? Nilijiambia Handeni ni mbali. Si kweli, kwani nilikuwa nimekaa naye siku mbili nzima, na uzi wa kupimia ulikuwa mfukoni. Ukweli ni kwamba niliogopa kumshika. Mpwa hamgeuzigeuzi mjomba wake kama mtoto. Tangu utoto wangu mkono wa mjomba nilikuwa nimeugusa wakati wa shikamoo tu, yeye ameunyoosha nami nimeupokea kwa mikono miwili. Baada ya ajali hakuweza kuunyoosha tena, na mimi nikawa naamkia nimesimama mlangoni. Nilidhani hiyo ni heshima, na kumwuliza anasikia wapi na hasikii wapi niliona ni kumvua nguo.

Nilipomaliza kipande changu, yaani siku zangu za kazi za mwezi, niliomba ruhusa, nikapakia zile mbao kwenye lori. Mzee mmoja aliyekalia magunia alizitazama kwa muda mrefu.

"Bwana mdogo, unakwenda kumnyonga nani huko Handeni?"

"Ni za mazoezi ya mgonjwa, mzee."

"Aa. Basi mgonjwa ana bahati mbaya mara mbili," akasema, na lori zima likacheka.

Nami nilicheka, ila moyoni nilichukia. Nilikuwa nimetumia majuma matatu kwa mipini ile.

Jumapili tulikisimamisha kifaa barazani, majirani wakaja kuona. Mjomba aliketishwa kwenye kiti cha kuegemea chini ya boriti. Nilimwekea mpini kiganjani, ukaanguka. Nikauweka tena, ukaanguka tena, ukagonga sakafu kwa sauti niliyoisikia siku nyingi baadaye. Hapo ndipo nilipaswa kusema nimekosea. Badala yake nilichukua kitani cha mkonge nikamfunga vidole kwenye mipini, nikazungusha na kukaza, kama mtu anayefunga mzigo. Mjomba alivuta. Mifuko ikapanda. Majirani wakapiga makofi, na mimi nikayapokea makofi yale.

Mjomba hakupiga kelele za furaha. Alisema taratibu, "Na ukishaondoka, nani atanifunga?"

"Tutaona njia, mjomba," nikajibu. Wakati huo nilikuwa nasikiliza gurudumu la kushoto. Lilikuwa likilia.

Kesho yake mama alikwenda shambani. Nilimfunga mjomba mikono, akaanza kuvuta, na gurudumu likalia tena. Sauti ile ilinitoboa. Nilimwambia, "Nakuja sasa hivi, natafuta girisi," nikaenda dukani. Girisi niliipata upesi. Lakini barazani kwa muuza duka walikuwepo watu waliosikia habari za jana, wakaniuliza kile kitu kinafanyaje kazi. Nilichuchumaa nikawachorea mchangani nguzo, boriti na magurudumu. Mmoja alipokosa kuelewa nikafuta nikachora upya. Nilikaa pale hadi kivuli cha paa kilipohama.

Niliporudi, mjomba hakuwa tena kwenye kamba. Mbele yake alikaa Mnyamwezi mmoja waliyewahi kukata mkonge pamoja, ambaye sasa anasuka mikeka kijijini kwetu. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na hawa wawili utani wao haukuwa na mpaka. Alikuwa ameshika kisu na mabaki ya kitani changu.

"Fundi amekuja," alisema. "Nimepita hapa nimemkuta mtani wangu ameinua mikono juu kama mateka. Nikamwuliza, nani amekushinda vita? Akaniambia, mpwa wangu."

Nilielewa bila kuelezwa. Mjomba alikuwa amechoka. Mimi nikichoka naachia mpini. Yeye asingeweza kuachia, kwa sababu nilikuwa nimemfunga. Mifuko ilishuka ikamwinua mikono juu, ikabaki hapo. Jua lilimfikia usoni na nzi wakamtua, na hata kile kidogo alichoweza, kujipangusa kwa nyuma ya mkono, nilikuwa nimemnyang'anya. Alikuwa ameita. Hakukuwa na mtu. Kitani kilikuwa kimekata ngozi ya vidole viwili na vidole vyote vilikuwa vimevimba.

Nilisema, "Mjomba, nisamehe. Imeuma sana?"

"Vidole sivisikii," alijibu. "Toka hospitali sivisikii. Nilichosikia ni nzi."

Sikujua. Mwaka mzima nilikuwa nikimwamkia, na sikujua kwamba vidole vyake havisikii.

Kisha akauliza swali ambalo bado linanirudia nikiwa kazini. "Ulinipima lini?"

"Sikukupima, mjomba. Nilijipima mimi."

Mtani alicheka mpaka akakohoa. "Yaani umemshonea kanzu yako! Kwa nini hukumpima mwenye mikono?"

"Niliona si heshima kumshika."

"Mimi sina heshima," mtani alisema. "Lete mkono wako hapa."

Alinishika mkono akaubandika juu ya mkono wa mjomba, usio na jeraha, wa kushoto. Ulikuwa wa moto na mwepesi kuliko nilivyodhani. Mjomba aliinua kifundo chake kwa nyuma, polepole, na vidole vile vilivyolala vikajikunja vyenyewe, si sana, kiasi cha kushika ubua wa mtama. Alipokiteremsha kifundo, vikafunguka.

"Kumbe vinajikunja," nilisema.

"Siku zote," alisema mjomba. "Hakuna aliyeniuliza."

Niliomba siku zaidi kazini, wakanipa chache. Nilizitumia nikiwa nimekaa kwenye kigoda mbele ya mjomba, na kila hatua nikauliza. Unasikia hapa? Hapa je? Kidole gumba alikisikia, na upande wa mkono unaokifuata; kwingine hapana. Meno? "Meno yangu ni mazima kuliko yako," alisema. Mipini ya mninga tuliitupa, ingawa mama aliuokota mmoja na hadi leo anaupondea vitunguu saumu. Mahali pa mipini niliweka pete pana za mkanda mkuukuu wa mashine, ule wa turubai, nilizozishonea ndani kitambaa kilichojazwa sufi ili zisimkate pale asiposikia. Zilikuwa ngumu, midomo yake haikujifunga, hivyo aliweza kusukuma mkono ndani hadi kwenye kifundo bila kusaidiwa. Ukingoni niliacha ulimi wa kuvuta kwa meno anapotaka kuutoa. Chini ya mifuko ya mchanga tuliweka ubao, ili ishuke na kutulia mikono yake ikiwa usawa wa mabega, isimnyanyue zaidi ya hapo. Ubao huo ulikuwa wazo lake. Tulirudia mara nyingi, maana mkono wa kushoto na wa kulia haikuwa sawa, na pete nazo hazikuweza kuwa sawa. Moja ilikuwa imepinda. Kila nikiitazama mikono iliniwasha kuinyoosha, na kila mara mjomba alisema, "Iache. Inanikaa."

Asubuhi ya mwisho kabla sijarudi Korogwe aliniambia, "Leo nenda shambani na mama yako."

"Nikae hapa hapa nyuma ya nyumba? Sitaonekana."

"Nenda shambani."

Nilikwenda. Nilipalilia mistari miwili, nikasimama kutazama upande wa nyumbani. Nikapalilia mwingine. Mkononi jembe lilikuwa likiteleza kwa jasho, na masikioni nilisikia watu wakiita ambao hawakuwapo. Nilimwambia mama kwamba nadhani nimesahau kukaza fundo moja, acha nikaangalie mara moja.

Hakuinua hata kichwa. "Palilia," alisema. "Ukirudi sasa umemfunga tena."

Tulirudi jua likiwa utosini. Mjomba alikuwa kitini, kanzu imelowa jasho kifuani. Pete ya kulia ilikuwa ikining'inia tupu. Ya kushoto ilikuwa bado mkononi mwake, mkono umetulia usawa wa bega, mfuko umekaa juu ya ubao.

Nilimwamkia, na safari hii nilikwenda hadi kwenye kiti nikauokota mkono wake wa kulia kwa mikono yangu miwili. Aliitikia marahaba. Kisha akauonyesha ule wa kushoto kwa kidevu.

"Huu umekataa kutoka. Ulimi ni mfupi, meno hayafiki. Lakini nimevuta, nimepumzika, nimevuta tena. Sikumwita mtu."

Niliurefusha ule ulimi jioni hiyo kwa kipande cha mkanda cha rangi nyingine, kwa mshono mbaya, nikauacha hivyo.

Sasa yapata miaka minne. Makovu ya vidole viwili yapo, na kila ninapoushika mkono wa kulia nayaona, na aibu yake haijapungua kama nilivyotarajia. Kiwiko cha kulia kimelegea. Mjomba anaweza kukitua kikombe mezani na kukichukua tena kwa viganja viwili. Hujivuta mwenyewe kila asubuhi mama akiwa shambani. Nami bado niko karakana, bado napiga msasa kupita kiasi, lakini sianzi kukata ubao wa kifaa cha mtu yeyote kabla sijamshika mkono na kumwuliza.