Tulivyomnywesha Binti Yetu kwa Ajili ya Bibi Yake

Binti yangu wa nne alirithi jina la mama yangu mzazi. Kwetu Usukumani mtoto wa namna hiyo humwiti ovyo kama unavyoita mbuzi. Unamwita mayu, yaani mama, hata akiwa anatambaa na makamasi puani. Naye alipopata akili akawa ananiita mwanangu, ananiagiza maji ya kunywa, nami naenda kuleta, mtu mzima na mvi zimeanza, majirani wanacheka hadi wanashika mbavu. Nilimpenda kuliko wengine, nisidanganye. Wengine wenyewe wanajua.

Mama yangu huyo alikuwa mfumu, mganga wa kupasua kuku na kusoma matumbo yake. Watu walimjia kutoka mbali. Mmoja alitoka Nassa kwa baiskeli na dagaa wa kulipia, dagaa wakaharibika njiani, mama akawapokea hivyo hivyo, akasema kuku wake hawachagui. Sasa, mama alipotaka kuanza kazi mikono ilimtetemeka. Watu wakiona mikono inatetemeka wanajua masamva wamefika, mizimu ya ukoo. Na pombe ya mtama alikunywa tangu alfajiri, hilo nalo lilijulikana, ila hakuna aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja. Hata mimi sikuyaweka.

Halafu ikaja ile miaka ya ruksa. Enzi hizo Bariadi tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Pamba ikatoka mikononi mwa chama cha ushirika, wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, kila mmoja na mizani yake chini ya turubai. Palipo na mizani pakaota kibanda, na kila kibanda, miaka ilivyosonga, kikauza viroba. Vijana wa leo labda hawavijui: vipakiti vya plastiki vyenye pombe kali, unang'ata kona, unafyonza. Zamani kulewa kulikuwa kazi. Mtama uuloweke, uuoteshe, uusage, upike, usubiri siku kadhaa, kisha ualike watu. Mtoto angeanzia wapi? Gongo ilikuwapo, lakini ilinuka nyumba ya tatu. Kiroba kinakaa ndani ya soksi.

Binti yangu alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa. Mwenye kibanda akaniomba aje auze chai na maandazi msimu wa pamba. Nikakubali, alikuwa na miaka kumi na mitano. Nikipita kupima pamba yangu ananipa kiroba, nami nakifyonza na kumwachia kidogo pembeni. "Malizia, mayu," namwambia, kama mtu anavyomwachia mama yake tone la mwisho kwenye kibuyu. Ilikuwa heshima. Wale makarani wa mizani nao walimpa, sijui kwa heshima gani.

Msimu ukaisha, maturubai yakakunjwa, akarudi nyumbani. Siku ya pili asubuhi hakuweza kushika bakuli la uji. Anatetemeka, jasho linamtoka kama amemwagiwa ndoo, anaongea na watu kwenye kona ambao sisi hatuwaoni. Mke wangu akataka tumpeleke zahanati. Nilimwambia, na maneno haya nayakumbuka vizuri, "Huyu haumwi. Mama amefika."

Tukamleta mwanamke aliyefundishwa uganga na mama yangu. Akapasua kuku, akainama juu ya utumbo muda mrefu. Akasema marehemu anataka kiti chake na ana kiu. Mjukuu amnywee kila alfajiri kabla hajatia kitu tumboni. Nikapika pombe mwenyewe, sikumwachia mtu. Tukamkalisha juu ya ngozi ya mbuzi, shanga nyeupe shingoni, mbele ya kijumba cha masamva pale uani. Kibuyu kilimcheza mikononi, pombe ikamwagikia kifuani. Akanywa. Kabla kuku hajaiva mikono imetulia kabisa, na wale wa kwenye kona wameondoka. Wazee wakapiga makofi. Mjomba wangu akalia, nami nikalia. Nani angebisha? Tuliona kwa macho.

Nilimtambikia hivyo mwaka mzima na zaidi. Kisha akasema bibi anataka kikali, basi nikaenda dukani mimi mwenyewe kununua viroba vya marehemu. Mama yangu hakuwahi kuona kiroba katika maisha yake. Hilo nililifikiria nikiwa njiani kurudi, nikalifukuza. Watu walioanza kumjia awapigie ramli kama bibi yake waliacha kuja, maana alipasua kuku akacheka, au akalala na kisu mkononi.

Nilikuwa Mwamanyili kwenye msiba wakati alipotapika damu. Mke wangu hakunisubiri, akampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi zahanati. Niliporudi, daktari akaniita. Kijana mdogo, lakini alinisalimia mwadila, salamu yetu ya Kisukuma, kama mtu aliyelelewa.

"Mzee, mikono inamtetemeka saa ngapi?"

"Alfajiri, kabla sijamtambikia."

"Ukimpa inaacha?"

"Inaacha."

"Basi kesho alfajiri mpe mlevi yeyote pale sokoni, uone kama naye ni mama yako."

Aliendelea kusema mengine. Alisema pombe isikatwe ghafla, aniandikie barua nimpeleke hospitali kubwa. Maneno hayo mke wangu aliyasikia. Mimi masikio yalishaziba kwa aibu. Nilirudi naye nyumbani nikavunja kibuyu, nikabomoa kijumba, nikatangaza kwamba hapa hainywewi tena hata tone. Nilijiona mwanaume.

Siku ya tatu alianguka uani, akakakamaa, povu mdomoni, akauma ulimi ukakatika kipande. Mke wangu, ambaye hakuwahi kuamini yale mambo ya masamva hata siku moja, alisubiri macho yafunguke, kisha akamnywesha kiroba alichokuwa amekificha. Hatukuangaliana.

Hospitali tulikwenda baadaye. Alikaa wiki kadhaa, akarudi amenenepa, anapika, anafua. Msimu wa pamba ukaanza. Tulimpeleka tena, na mara nyingine tena. Serikali ikaja kuvipiga marufuku viroba, tukashangilia, na mwezi uleule akawa anajua gongo inauzwa nyumba ipi. Uchumba ulikuja mara moja, upande wa mume wakauliza majirani, wakageuza ng'ombe wao.

Mke wangu ameshatangulia. Sasa gongo yake napima mimi, kizibo kimoja alfajiri, kimoja mchana, kimoja jua likizama. Daktari aliyepo siku hizi alisema tupunguze polepole. Tulifika nusu kizibo akaanguka tena, na mimi sina nguvu za kumbeba. Basi nimerudisha kizima.

Juzi nilimwuliza, nikifa atapimiwa na nani, kwa sababu kaka zake hawataki hata kusikia. Alikuwa anachambua choroko, anatoa mawe. Maneno yake hayatoki vizuri tangu ulimi ule, lakini mimi namwelewa.

"Hakuna haja ya kupimiwa," akasema. "Nitakunywa yote."

Nikamwambia asiseme hivyo. Akaendelea kuchambua.